Mama wa Kifilipino Alisema Nini

Ile kaseti niliipata Kawangware kwa kubadilishana: nilitoa mbili za kung-fu, nikapewa moja ya Kifilipino na ahadi kwamba ina damu ya kutosha. Haikuwa na maandishi chini. Niliitazama mara mbili kabla ya kuwaonyesha watu, nikahesabu: ndugu wawili, mama mmoja, maiti kumi na saba. Mara ya pili nikapata kumi na nane. Mmoja alikuwa amefia nyuma ya gari.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Katika ukumbi wetu wa video pale Laini Saba, mabati juu na mabenchi chini, picha isiyo na mtu wa kuisemea ilikuwa mabubu wanaopigana tu. Basi nilizima sauti ya televisheni, nikashika maikrofoni, nikawapa Wachina na Wahindi Kiswahili cha Kibera. Kifilipino sikujua hata neno. Kichina pia sikujua, lakini hakuna aliyewahi kuuliza.

Jumamosi hiyo, saa nane mchana, kaka yangu mkubwa aliingia akakaa benchi la nyuma. Miezi mitatu hakuwa amekanyaga nyumbani. Alikuwa na vijana wa Riruta, wale wa kuvunja maduka, na Mama alikuwa ameapa asitajwe mbele yake. Nilipomwona nikajuta kuiweka kaseti ile, maana nilijua picha inakoelekea: steringi ni mwizi, mdogo wake ni polisi, na katikati mwizi anabisha kwa mama yao, bega linavuja damu.

Mama yule alifungua, akamtazama, akafoka, akamwonyesha barabara kwa kidole.

"Mwanangu," nikasema kwenye maikrofoni kwa sauti nyembamba, "umekonda. Ingia ule kwanza, mengine tutaongea."

Mlango ukafungwa kwa kishindo.

"We mtafsiri!" mmoja akapaza sauti kutoka mbele. "Amemwambia aingie, mbona amemfungia nje?"

"Ameenda kuwasha jiko."

Watu wakacheka. Kaka hakucheka. Alinijia kando ya televisheni, akaniinamia.

"Bro, hiyo umetunga. Huyo mathe amemfukuza."

"Kwani we unajua Kifilipino?"

"Najua mathe."

Akatoka.

Kwenye picha ndugu walianza kufyatuliana risasi, na ukumbi mzima ulisubiri niseme nani anamtukana nani. Nilisema maneno mawili matatu, sikumbuki yapi. Kisha nikaweka maikrofoni chini nikamfuata. Nyuma yangu walipiga mabati, wakadai kiingilio chao, wakaniita mwizi.

Nilimpata kwenye reli, akitembea upande usio wa kwetu.

"Twende home."

"Atanifukuza."

"Basi twende mpaka kwa fundi viatu tu. Si mbali."

Alikubali. Kwa fundi viatu nikamwomba tufike bombani. Bombani nikashusha bei tena: mlangoni tu, asiingie, asiseme kitu. Alinitazama kama mtu anayejua anauziwa mbuzi kwenye gunia, lakini miguu yake iliendelea.

Mama alikuwa amebandika maji ya ugali. Niliingia peke yangu. Kaka alisimama nje, ncha ya kiatu chake ikionekana kizingitini. Mama hakugeuka.

"Mko wangapi?"

Nilitazama kile kiatu, nikakitazama tena.

"Wawili."

Maji yakaanza kurusha kifuniko. Mama akachukua kikombe, akachota mtungini, akaongeza maji kwenye sufuria.