Mama Plamedi na Mushitu wa Kasungami

Hortense Ntumba hakuutafuta uongozi. Uongozi ndio uliomkuta ameketi.

Siku ile watu wa mtaa wake, pembeni kabisa mwa Kasungami, nje kidogo ya Lubumbashi, walikusanyika kwenye uwanja wa kanisa kuzungumzia vigingi vyekundu vilivyopandwa ndani ya mushitu, na kila aliyetajwa kuongoza komite alikuwa na sababu ya kukataa. Huyu ana presha, yule mkwewe anafanya kazi komine, ofisi ya serikali, mwingine hashindi nyumbani kwa ajili ya safari za Mokambo, mpakani, kufuata unga. Hortense alikuwa amebeba kiti chake cha plastiki na kukiweka mbele, basi. Jirani yake Symphorien, mzee aliyestaafu kazi ya reli, akamtupia jicho.

"Na Mama Plamedi? Mama Plamedi anajua kusema Kifaransa bila kutetemeka."

Watu wakapiga makofi kabla hajafungua kinywa. Alirudi nyumbani na kiti chake kichwani na cheo asichokiomba.

Mushitu wenyewe si msitu mkubwa. Ni kipande cha bonde chenye miti mirefu iliyosimama kwenye maji mwaka mzima, kibichi hata kiangazi kikali kinapogeuza kila kitu vumbi jekundu. Visima vya mtaa hupata maji yake kutoka huko. Tumbili wamo, na ndege wa kila rangi, na mvua za kwanza zinapoanguka huja popo, wengi hata matawi huinama. Wageni huziba pua. Wenyeji hulalamika juu ya maembe yao, kisha huzoea. Hortense alihamia hapo mwaka aliomzika mumewe. Jioni moja ya mvua alitoka kuanua nguo, akawaona popo wakiondoka kwenda kula, mbingu nzima ikisogea upande mmoja kama watu wanaotoka misa. Alisimama akiwatazama mpaka nguo zikalowa upya. Hakumwambia mtu habari ile, maana ingeonekana ni upuuzi wa mjane.

Sasa kampuni ilitaka kujenga hapo Cité Bel Ombrage, nyumba zilizopangwa mistari ndani ya ukuta. Bango lake lilikuwa na picha ya bustani isiyo na tope. Shefu wa udongo, mkuu wa kimila wa ardhi ile, alikuwa ameshakubali.

Komite ikaanza kwenda mjini, kwenye ofisi za serikali. Hortense alikuwa akishona yunifomu za wanafunzi, na kila siku aliyokwenda mjini cherehani ililala. Walipanda ngazi za biro hii, wakatumwa biro ile. Shefu wa biro yuko kwenye mkutano. Shefu ametoka. Rudini lundi. Jumatatu wakarudi, wakaambiwa dosye yao, faili la malalamiko, inafuatwa, ila hakuna aliyejua inafuatwa na nani wala imefika wapi. Mara ya kwanza walikwenda wengi, wamevaa kama watu wa harusi. Baadaye wakabaki watano, halafu watatu. Mwishoni alikuwa yeye na Papa Symphorien tu, wamekaa kwenye benchi ya korido, kila mmoja akijifanya hajachoka kwa ajili ya mwenzake.

Kampuni nayo ikaita mkutano. Alikuja injinia kijana, Guelor, mwenye adabu, aliyewasalimia wamama kwa mikono miwili. Alieleza kwamba kila familia itapata faida. Hortense alisimama akauliza jambo moja tu: maji ya visima yatatoka wapi miti ikikatwa? Kabla Guelor hajajibu, sauti ikatoka nyuma. Ilikuwa ya Mwaba, mwanaume wa mtaa huohuo, ambaye watu walisema ameshaahidiwa kiwanja.

"Mama, weye kwenu ni Kasai. Mushitu ya Katanga inakuhusu nini?"

Hortense alizaliwa Lubumbashi, hapahapa Katanga, kama mama yake. Alipokuwa binti mdogo, mwaka ule Bakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa Katanga, alilala na wazazi wake kwenye stesheni, juu ya mabunda, wakingoja treni ya kuwapeleka "kwao", mahali ambapo hakuwahi kupaona. Alirudi akiwa mwanamke mzima. Alifikiri neno lile, "kwenu", limeshakufa.

"Kisima yangu iko hapa," alisema. "Bwana yangu alizikwa hapa. Kama kuko kwetu kungine, munionyeshe."

Akaketi. Njiani Papa Symphorien alikuwa akichemka kwa hasira, akitaka kurudi kumfuata Mwaba.

"Wacha, Papa," Hortense akamwambia. "Minachoka kueleza kila siku kwenye nilizaliwa."

Mashine za kung'oa miti zilipofika, wanawake walikwenda kusimama mbele yake na mabeseni vichwani, kama wanaokwenda kuteka maji. Hortense alisimama katikati. Polisi walikuja, wakasukuma kidogo, wakapiga simu nyingi, na madereva wakazima injini wakashuka kuvuta sigara kivulini. Mashine zikalala siku kadhaa. Mtaa mzima uliimba. Hata yeye aliimba, na usiku alilala usingizi ambao hakuwa ameuonja kwa muda mrefu.

Wiki iliyofuata mwanawe Plamedi aliingia nyumbani jioni akiwa ameshika jile ya rangi ya machungwa, kizibao cha wajenzi, ameikunja ndogo kana kwamba inaweza kufichika.

Plamedi alikuwa amemaliza masomo ya ujenzi, na tangu hapo alikuwa akizunguka Lubumbashi nzima akiomba kazi. Mkewe Séphora alikuwa na mimba kubwa.

"Banakuchukua?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama. Kujenga."

"Kwa Bel Ombrage."

"Hakuna fasi ingine, mama. Miye nikikataa, banachukua mungine. Mushitu itakatwa tu. Na Séphora atazalia wapi?"

Hortense alikuwa na majibu mengi, ila yote alikwisha kuyasema mbele ya makarani, na yalikuwa yamechakaa mdomoni. Alimtazama mtoto wake, mrefu kama baba yake, akingoja kupigwa kwa maneno.

"Kula bukari," akasema, akimsogezea sahani ya ugali. "Itapoa."

Jumamosi alifua nguo za kazi za Plamedi. Tope lake lilikuwa jeusi, la mizizi na majani yaliyooza, na aliijua harufu ile. Alisugua mpaka vidole vikauma, kisha akazianika nyuma ya nyumba. Baadaye akazitoa, akazianika mbele, penye macho ya majirani.

Kwenye kikao cha komite aliwaambia mwenyewe habari ya kazi ya mwanawe, wasije wakasikia sokoni. Deborah, aliyekuwa amesimama naye bega kwa bega mbele ya mashine, akainua mikono.

"Basi tutamwamini nani?"

"Yule asiyekuwa na ndugu kule kwa Bel Ombrage, ainue mukono," Papa Symphorien akasema.

Mikono michache iliinuliwa, nayo haikupanda juu. Hortense akasema anaachia uprezida. Wakamwomba abaki. Hakuna mwingine aliyeutaka mzigo huo, na hata kujiuzulu kukamshinda.

Mambo yaliishia hivi. Mashine zilirudi na kukata sehemu ya juu ya mushitu, na nyumba zikaanza kupanda. Mvua ziliponyesha, maji yalijaa kwenye misingi ya upande wa chini, ukuta mmoja ukalala, na kampuni ikaliacha bonde lenye chemchemi kwa sababu halikubali kujengwa. Baadhi ya majirani walimshukuru Hortense. Yeye alijua kuwa ni maji yaliyoshinda, si komite, ingawa wakati mwingine alijiuliza kama siku zile mashine zilipolala hazikuyapa maji nafasi ya kufika. Wengine walisema alijiuza kwa kazi ya mwanawe. Visima vya juu sasa hukauka mapema, cha kwake bado kina maji. Séphora alijifungua msichana, wakamwita Abigaëlle.

Popo walirudi, wachache. Walibanana kwenye miti iliyobaki mpaka matawi yakavunjika, wengine wakahamia mikaratusi ya shule, ambako walimu waliwafukuza kwa kugonga masufuria.

Juzi mume na mke wasiojulikana walimkuta Hortense akishona mlangoni, mjukuu amelala kwenye mkeka. Walitoka mtaa mwingine, upande wa pili wa barabara kubwa. Walisema vigingi vimeonekana kandokando ya mto wao, penye matete wanakozalia ndege.

"Bantu banasema weye unajua njia ya mabiro," mwanamke akasema.

Hortense alisimamisha cherehani. Alitaka kuwaambia kwamba njia aliyoijua haikumfikisha popote, na kwamba amebakiwa na yunifomu nyingi za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa. Aliwatazama walivyosimama, wamevaa vizuri, wakiamini.

"Leo minachoka," akasema. "Muje kesho, misa ikiisha. Na musikuje babili tu."

Wakashukuru, wakaondoka. Akautafuta uzi uliokuwa umechomoka kwenye sindano, akaulowesha kwa mate, na ilimchukua muda kuuingiza tena.