Bunduki ya Tumwine na Amri Yangu ya Mafuta

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaa kwenye kizingiti cha ghala la silaha la polisi tangu asubuhi mpaka saa sita mchana, kwa sababu mkuu wa ghala hakuamini kwamba nimetumwa kwake. Barua nilikuwa nayo. Aliisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena. Alikuwa Sajini Meja, mtu mfupi mwenye vidole vyeusi vya grisi, na sauti iliyozoea kusikika ng'ambo ya uwanja wa gwaride.

"Wewe iko karani," akasema. "Ofisi ya makarani iko kule."

"Hapana, Afande. Mimi iko fundi."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini saa sita ilipofika na bado nimekaa palepale, akanitupia bunduki kuukuu na kipande cha kanga. "Haya, fundi, fungua." Nikaifungua, nikapanga vipande vyake chini kwa mpangilio, nikavirudisha. Kesho yake nikakuta amenitengea kiti.

Vijana mnaosoma haya msidhani fundi wa silaha ni mtu wa kupiga risasi. Mimi nimepiga chache kuliko askari wengi. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba bunduki ikitakiwa itii, na isipotakiwa inyamaze. Tunapima mtutu kwa kipimo cha chuma, tunakagua springi zilizochoka, tunabadilisha pini zilizolika, na kila kitu tunakiandika. Ni kazi ya macho na uvumilivu. Waliodhani haiwezi mwanamke hawakuwahi kuona mwanamke akichambua mtama.

Sajini Meja alinifunza mengi, lakini kubwa lilikuwa mafuta. Bunduki zetu za wakati ule zilikuwa zimezeeka, vipande vyake vimelegea, kutu inazinyemelea kila msimu wa mvua. Alikuwa akinisimamia begani huku akisema, "Wacha inywe, binti. Wacha inywe!" Nami nikazinywesha. Nilihamishwa vituo vinne, nikatumikia wakuu wa kila aina, mpole na mkorofi, mwelevu na yule aliyetuamuru tupake rangi matofali ya bustani wakati vifaa vya ghala vinaoza. Kila nilipokwenda nilibeba sheria ile ya mafuta, na kila mahali ilinitoa kimasomaso. Kituo changu cha mwisho kilikuwa Mbarara. Nilipostaafu polisi nikajenga nyumba Kakiika, na kabla sijamaliza hata kupanda migomba, kampuni moja ya ulinzi ikaniita niwe fundi wao mkuu.

Ndipo zilipokuja bunduki mpya. Zilikuwa za kujipakia: ukivuta kifyatulio inatoka risasi moja, ganda tupu linarushwa nje, na risasi nyingine inapanda yenyewe kutoka kwenye magazini, yaani lile kasha la risasi linalochomekwa chini. Zilikuwa nzuri, lazima niseme. Vipande vyake vilibanana vizuri, hakuna kinachocheza. Nilizipenda siku ileile. Nikaketi nikaandika amri ya matunzo kwa walinzi wote: mafuta asubuhi, mafuta jioni, bila kubania. Nikaweka sahihi yangu, ikabandikwa ukutani.

Kila baada ya miezi kadhaa walinzi walipelekwa uwanja wa shabaha, bonde moja nje ya mji lenye tuta kubwa la udongo kwa mbele. Mlinzi alipewa risasi ishirini. Bunduki ikimkwamia mara nyingi, au akikosa shabaha kupita kiasi, alihesabiwa ameshindwa. Akishindwa mara tatu mfululizo, anaachishwa kazi. Sheria hiyo ilikuwa ya Mkuu wa Operesheni, mwanajeshi wa zamani, mnyoofu, asiye na subira.

Tumwine alishindwa mara ya kwanza, nikamwona kwa macho yangu. Alikuwa mtu wa makamo kutoka Kabingo, mkimya, baba wa watoto watano, analinda ghala la mahindi la wafanyabiashara kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Bunduki yake ilipiga tatu ikakwama. Akaifungua, akaendelea, ikakwama tena. Sasa bunduki ya kujipakia inahitaji bega imara. Ukiilegezea, nguvu zinazorudisha vyuma nyuma zinapotea mwilini mwako, na risasi inayofuata haipandi sawasawa. Hilo ni kweli, na mimi nililijua, nikalirukia. Kwenye fomu nikaandika: kosa la mpigaji, hashiki vizuri. Mara ya pili ikawa vilevile, nikaandika maneno yaleyale.

"Huyu mutu mukono yake iko malegevu," akasema Mkuu wa Operesheni. "Madam, mara ya tatu naandika barua, anarudi kwa ndizi zake."

Jaribio la tatu lilipokaribia, Tumwine akaja karakana kwangu. Alisimama mlangoni amevua kofia.

"Afande, nisaidie. Mimi nashika kabisa. Hata nyumbani nafanya mazoezi na fimbo. Bibi anacheka, watoto wanacheka."

"Labda hushiki unavyodhani," nikamwambia, kwa ukali, maana sikupenda fomu yangu ihojiwe.

Alifungua vifungo viwili vya shati akanionyesha bega. Lilikuwa limevilia damu, rangi ya bilinganya, kutoka kwenye mfupa wa shingo mpaka karibu na kwapa. Mtu anayelegeza bunduki hapati bega kama lile. Yule alikuwa ameing'ang'ania kama mtu anayezuia mlango usivunjwe. Niliona aibu, nikaificha kwa kumkemea avae shati.

Tukaenda uwanjani, mimi, yeye, na mlinzi mwingine aitwaye Byaruhanga, aliyelinda duka la vifaa vya ujenzi pale mjini. Nikafanya kazi kama nilivyofunzwa: ukitafuta ubovu, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, vinginevyo hutajua kipi kilichokuponya. Nikabadilisha magazini ya Tumwine, bunduki ikakwama. Nikarudisha magazini yake nikabadilisha risasi, ikakwama. Nikabadilisha mpigaji: nikailalia mwenyewe, mifupa yangu hii, nikaishika kwa nguvu zangu zote. Ya nne ikakwama.

Kisha nikampa Tumwine bunduki ya Byaruhanga. Ikapiga ishirini bila kusita.

Nikaichukua ile ya Byaruhanga nikaifungua. Kavu! Tone la mafuta ndani hakuna.

"Wewe, amri hukuisoma ukutani?"

"Nilisoma, Afande," akasema Byaruhanga, anajikuna kisogo. "Lakini banange, jamani, hayo mafuta inachafua suruali. Nikawa napanguza tu."

Nilimfokea vibaya sana. Ningemfokea hata kama ningejua ninachokijua leo, kwa sababu alikuwa mvivu. Lakini njiani nikirudi, jambo lile lilinikaa rohoni. Mvivu bunduki yake inapiga. Mtiifu yake inakwama. Niliiosha ya Tumwine mwenyewe kwa petroli, nikaikausha, nikaipaka mafuta, nikairudisha uwanjani nikaijaribu. Ishirini, safi. Nikampa akaondoka nayo. Baada ya siku sita akapiga simu: imekataa tena, hata kuikoki inasuasua kama ina mchanga. Jaribio la tatu lilikuwa limebaki siku nne.

Nikapanda gari la kampuni, tukapita Kaberebere, tukapita Kabingo, tukateremka mpaka Nakivale. Ulikuwa wakati wa kiangazi. Malori ya mahindi yalikuwa yanapishana mbele ya ghala mchana kutwa, na kila lori likipita, vumbi jekundu linafunika watu, mbuzi na masufuria. Tumwine alikuwa zamu. Nikamwambia, "Nionyeshe unavyoitunza. Usinifanyie maonyesho, fanya kama kila siku."

Akakunja mikono. Akatandika gunia safi, akaifungua bunduki kwa adabu, akachukua chupa. Akamimina mafuta kwenye bolti, kile chuma kinachoenda mbele na nyuma. Akamimina kwenye chemba, pale risasi inapolala. Kisha akatoa risasi kwenye magazini, akazipaka moja moja, kama mama anayepaka mtoto mafuta baada ya kuoga. Hakupangusa hata kidogo.

"Na risasi pia?"

"Amri inasema bila kubania, Afande."

Karibu na mlango wa ghala alikuwa ameketi Mama Neema, fundi cherehani, mkimbizi kutoka Kivu Kusini. Ndiye aliyewashonea walinzi mikanda ya begani. Alikuwa amesimamisha cherehani yake anatutazama, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejizuia kusema.

"Sema, Mama," nikamwambia.

"Asante, Mama. Miye sijue mambo ya bunduki. Lakini huyu baba namuonaka kila siku, ananisikitisha. Ku mashini yangu naweka matone mbili tu, kisha napanguza. Fasi ya huku mavumbi ni mingi. Ukiacha mafuta, inakamata mavumbi, inakuwa potopoto, matope kabisa, mashini inakufa."

"Mbona hukumwambia?"

"Nilimwambia! Akanijibu, ni mukubwa wake njo aliandika ile amri."

Tumwine akainamisha kichwa. Nikaingiza kitambaa ndani ya magazini yake nikakitoa. Kilitoka na uji mweusi mzito wenye chembe za mchanga, ukiusugua kati ya vidole unakwaruza. Bunduki za Sajini Meja zilikuwa na nafasi ya kumeza takataka zile. Hizi mpya hazikuwa na nafasi hiyo. Kila jioni Tumwine alikuwa akitengeneza tope kwa mikono yake mwenyewe, kwa uaminifu, kwa amri yangu. Wenzake wa Nakivale, waliopaka kidogo kuliko yeye, bunduki zao zilikwama mara mojamoja tu, na yeye aliyetii kuliko wote ndiye aliyekuwa anapoteza kazi.

Nilitaka kulia, na nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Tulisafisha kila kitu. Tone moja kwenye reli za bolti, kisha kitambaa. Magazini kavu, risasi kavu. Siku ya nne Mkuu wa Operesheni akasimama uwanjani na fomu mkononi, na mimi nikasimama kando. Tumwine akalala chini. Siku tatu nzima bunduki ilikuwa imekula vumbi la malori kule ghalani. Akapiga ishirini. Haikukwama hata mara moja, na nyingi zilikuwa ndani ya duara.

"Sasa umemufundisha kushika?" akaniuliza Mkuu wa Operesheni, anatabasamu.

Vijana wangu, jibu rahisi lilikuwa hapo. Ningesema ndiyo. Tumwine angebaki na kazi yake, mimi ningebaki na sifa zangu, na ile amri ningeiondoa ukutani polepole siku ambayo hakuna anayetazama. Lakini mtu yule angeishi maisha yake yote akiamini kwamba mkono wake ulikuwa mbovu.

"Alikuwa anajua kushika tangu zamani," nikasema. "Fomu zote mbili nilizoandika ni uongo. Ubovu ulikuwa amri yangu."

Akaikunja ile fomu. "Madam, leo nilikuwa niandike barua ya kufukuza mutu. Sasa itakuwa ya onyo tu. Iko na nafasi ya jina."

"Andika langu."

Akaandika. Hakuwa mtu wa mchezo, na sikutaka awe. Tumwine alikuwa bado amepiga magoti anaokota maganda yake. Alinijia na chupa ya mafuta mkononi, akauliza kwa heshima ileile, "Afande, sasa kule mvua ikianza, nipake kiasi gani?"

Nikamwambia sijui. Tutakwenda tupime pamoja.

Nilistaafu kabisa msimu uliofuata. Leo niko Kakiika na migomba yangu na magoti yanayouma. Watu wananiuliza kama ninajuta kupoteza miaka yangu kwenye kazi ya vyuma. Sijuti. Nimewapenda watu wa kazi ile, hata Byaruhanga. Kinachoniuma ni zile fomu, kwa sababu naijua kalamu yangu, ilikuwa na haraka, na sijui ni wangapi wengine iliwapitia kabla ya Tumwine katika vituo vinne.

Siku ya kuniaga kampuni iliandaa soda na mbuzi, na Mkuu wa Operesheni akanitaka niwape mafundi wapya neno moja la hekima. Hekima sikuwa nayo. Nilikuwa na ile barua ya onyo kwenye mkoba, nikaifungua nikaanza kuisoma kwa sauti. Wengine walicheka, wakidhani ni utani. Tumwine akasimama nyuma, uso umemshuka.

"Bambi, tafadhali, Afande," akasema, "usisome hiyo."

Nikamwambia akae. Nikaisoma yote, mpaka kwenye jina langu.