Joho Jekundu la Jemadari

Ungemkuta Kelvin Wragg jikoni kwake kila Jumapili, kainamia kopo la jamu lililojaa ile dawa ya kahawia ya kuoshea vidonda, anawabembeleza askari wadogo wa madini ya risasi, warefu kama kidole gumba, watoke rangi. Siku nyingine aliendesha tramu. Pale Nottingham watu wazima wanapigana vita vya mezani kwa visanamu hivyo mpaka wanastaafu, na hakuna anayewaona wendawazimu. Askari wa zamani huwa kapakwa rangi na kila aliyewahi kummiliki, vanishi juu ya vanishi, mpaka pua haionekani. Kumvua mizigo yote hiyo, hapo ndipo Kelvin alipopata raha zake.

Ila raha yenyewe ilikuwa nusu. Dada yake Avril, aliyekuwa akimchapa vibaya mezani enzi za utoto, hakugusa tena kisanamu tangu mama yao alipomtoa Jemadari, kisanamu chake alichokipenda kuliko vyote, auzwe kwenye mnada wa kanisa. Aliapa hachezi mpaka Jemadari arudi, na Avril akiapa ameapa. Kazeeka na kiapo chake. Kila Alhamisi Kelvin alikwenda klabuni, kwenye vita vya mezani, peke yake, na kila Alhamisi alimkumbuka dada yake.

Sasa katika mfuko wa askari alionunua gulioni, mmoja alikuwa na shoka lililokatika ncha. La Jemadari nalo lilikatika ncha. Kelvin hakumwambia mtu. Mashoka yaliyokatika ni mengi, alijiambia, lakini moyo ulikataa kutulia. Akawatumbukiza wote kwenye dawa, akawaacha walowe.

Kesho yake Avril akaja na bakuli la njegere za kuponda. Kelvin alikuwa anaoga. Mwanamke aliyepika shuleni maisha yake yote angevumilia vipi kopo chafu namna ile kando ya sinki? Akawamwaga askari kwenye chujio, akafungulia bomba.

Lo, maskini. Ile dawa haitaki maji mpaka rangi yote iishe. Unasugua kwa dawa hiyohiyo, maji baadaye. Ukikosea, rangi iliyolainika inageuka ulimbo. Ikanata kwenye chujio, kwenye bomba, kwenye vidole vya Avril, na askari wakashikamana wote bonge moja.

Kelvin alitokea na taulo, macho yakamtoka.

"Umewatia maji? Avril, hata hilo umesahau? Kweli umezeeka."

"Nimezeeka na mume wangu nyumbani. Wewe utazeeka na masinki kama haya. Lete mswaki."

Basi wakakaa bega kwa bega, dawa mpya kwenye bakuli, kila mtu na mswaki wake, wanasugua na kutupiana maneno. Avril alilalamika kuhusu harufu, kuhusu kucha zake, kuhusu taulo la kaka yake, lakini mikono haikusahau kazi. Kelvin alimtazama kwa pembe ya jicho, akafurahi kimyakimya. Ikatoka bluu, ikatoka dhahabu, ikatoka kijani cha ajabu.

Mwenye shoka bovu alikuwa mkononi mwa Kelvin. Akabaki mtupu, risasi inang'aa, isipokuwa joho: jekundu, gumu, halitoki hata kidogo. Kelvin akakata tamaa. Rangi zao za utotoni zilikuwa za maji, zingetoka mapema. Hii ilikuwa vanishi ya mtu mwingine. Si yeye. Akanyoosha mkono achukue chupa ya asetoni, dawa kali zaidi ya kutoa rangi, amalizie kazi.

Avril akamdaka kiganja, na ulimbo wake.

"Weka chini hiyo chupa."

"Halitoki, dada. Ni vanishi tu."

"Ni rangi ya kucha ya mama. Niliiiba nikampaka Jemadari joho. Akamsingizia shangazi Enid, wakanuniana mpaka Krismasi."

Kelvin alicheka mpaka taulo likataka kumwacha. Avril naye alicheka, halafu machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono mchafu, uso mzima ukawa kijani. Akamsimamisha Jemadari mezani kando ya njegere, akamgeuza huku, akamgeuza kule, akalipuliza joho likauke.

"Alhamisi mnaanza saa ngapi?" akauliza.