Utumishi wa Staa Wetu Vitani

Mwaka wa 2017 mimi na msusi mmoja tulikuwa tumekodi pamoja chumba cha ghorofa ya pili, Doornfontein, Johannesburg. Mimi nilishona upande wa dirishani, yeye alisuka upande wa mlangoni, na katikati tulining'iniza pazia ili wateja wangu wajaribu nguo bila kutazamwa. Sote tulitoka Kivu ya Kusini, Kongo, mimi mjini, yeye milimani. Nilimzidi miaka michache, akaniita yaya, yaani dada mkubwa. Habari za vita hatukuzigusa. Nilijua tu kwamba alimpoteza mama yake na dada yake katika siku moja.

Kanisani kwetu, Joubert Park, kulikuwa na mcheza filamu. Huku Johannesburg alikuwa mlinzi wa duka la viatu, lakini nyumbani nani hakumjua? Alikuwa akicheza baba mlevi anayewahadaa wakwe zake. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kukwaruza, kama ya mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Baba yangu hakuwa mtu wa kucheka ovyo, lakini filamu za yule bwana zilimfanya ashike ukuta asianguke.

Tulimheshimu kwa jambo lingine pia. Ilisemwa kwamba vita vilipokaribia mji wetu, waigizaji wenzake walikimbia, yeye akajiunga na wapiganaji waliotulinda. Basi kamati ya kanisa ikaamua kumpa cheti cha ushujaa siku ya sherehe ya jumuiya. Mzee wa kanisa aliniletea kitambaa cha kaki.

"Mama, mshonee koti la kiaskari," aliniambia. "Mastaa wengine ni mashujaa wa kwenye televisheni. Huyu wetu alitumikia kwelikweli."

Nilifurahi kupewa kazi ile.

Alikuja kujaribu koti Jumamosi mchana. Nilikuwa nimeshabana mkono mmoja kwa pini aliponiuliza, "Ni lazima liwe la kaki?"

"Kamati ndiyo iliyotaka, papa."

"Mimi sikupiga hata risasi moja."

Nilidhani ni unyenyekevu. Nikamwambia kutumikia ni kutumikia, hata mpishi wa jeshi ni askari.

"Sikuwa mpishi," alisema. "Walinipa kipaza sauti. Nilikaa juu ya lori nikiwaita watu watoke msituni."

Pazia lilifunguliwa. Msusi alisimama pale na kitana mkononi. Nyuma yake msichana wa Soweto, nusu ya kichwa imesukwa, alikuwa akiuliza kwa Kiingereza kama atakaa sana.

"Sema, tokeni mama zangu," msusi alimwambia.

Yule mtu akamwuliza taratibu, "Mlikuwa msitu gani?"

Msusi akautaja. Staa wetu akakaa juu ya marobota yangu ya vitambaa, pini zikiwa bado kwenye mkono wa koti.

Akatueleza bila kuficha. Wapiganaji wetu waliwashuku watu wa milimani kuwa wanawalisha maadui. Watu hao wakajificha msituni, na hakuna askari ambaye wangemtokea. Lakini yeye walimjua. Aliwaambia kuna chumvi na dawa, vita vimekwisha, tokeni. Nao wakatoka.

"Ulijua watafanywa nini?" msusi aliuliza.

"Mara ya kwanza sikujua."

"Sisi tulikuwa mara ya ngapi?"

"Ya tatu."

Msusi alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa jambo ambalo alikwisha kulijua.

"Mama alisema yule hawezi kutudanganya, yule anatuchekesha. Mimi nilibaki kwa sababu tumbo lilikuwa linaniuma."

"Ningekataa wangeniua," staa alisema.

"Ndiyo. Wangekuua."

Alirudi kwa msichana wake, akamaliza kusuka kichwa chote. Staa alivua koti mwenyewe, akajichoma na pini, akatoka.

Jioni hiyo nilikwenda kwa mzee wa kanisa, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa.

"Mama, watu wetu hapa wanatukanwa barabarani kila siku. Waache wawe na mtu mmoja wa kujivunia. Tena wewe, mtoto wa mjini, bila wale wapiganaji ungekuwa wapi?"

Ilikuwa kweli kwamba ningekuwa maiti. Nikamaliza koti, nikalipiga pasi.

Siku ya sherehe alikuja amelivaa. Mabega yalimkaa vizuri. Walisoma sifa zake, wakampa cheti, wakampa na maikrofoni. Alisimama ameishika, kimya, hata watoto wakanyamaza. Niliomba moyoni aseme, na papo hapo niliomba asiseme. Ndipo mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Mlevi! Tuchezee mlevi!" Ukumbi mzima ukadakia.

Akayumba. Akajikwaa penye sakafu tupu, akaanza kumlilia mkwe wake kwa ile sauti. Watu walivunjika mbavu. Nami nilicheka. Kicheko kilinitoka kabla sijajua, kama kilivyokuwa kikimtoka baba yangu. Nilipogeuka kufuta machozi, nikamwona msusi amesimama mlangoni. Hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akinitazama mimi.

Jumatatu alikuja kuondoa viti vyake. Nilimwomba msamaha.

"Hukukosea, yaya," alisema, akikunja waya wa kikaushio. "Kweli anachekesha."

Nilimsaidia kuteremsha kioo ngazini. Tulikibeba mpaka kwenye bakkie, pikapu ndogo iliyokuwa ikimsubiri.

Mcheza filamu aliacha kuja kanisani miezi michache baadaye. Wengine walisema amehamia Pretoria. Kamati ilimlaumu kwa kutoaga.

Msusi alifungua saluni Mayfair, jirani na Wasomali ninaonunua kwao nyuzi. Nikipita huniita ndani, hunipa chai, huniuliza habari za watoto. Namjibu wote wazima. Kisha tunazungumzia bei ya rasta.