Papa Mwenye Taa Tumboni

Harufu ya formalini, dawa ya kuzuia mizoga isioze, ndiyo iliyotukaribisha darasa la tatu, mwaka ule tuliohamia kijiji kipya cha ujamaa kule Machochwe. Ilitoka kwenye chupa ya kioo juu ya meza ya Mwalimu Zaina, mwenyeji wa Tanga, ikashinda hata harufu ya nyasi mbichi za paa. Ndani ya chupa alilala papa mweusi mwenye macho makubwa, urefu wake haukuzidi penseli mpya. Kaka yake mwalimu, baharia wa meli ya uvuvi, alimpata katika wavu ulioshushwa kina kisichofikiwa na jua. Sisi watu wa ng'ombe na mtama tulisikia tu kwamba papa humeza watu, kwa hiyo huyu wa kutia mfukoni alituchekesha sana. Mwalimu akatueleza kwamba tumboni ana vitone vinavyotoa mwanga hafifu, ili adui anayewinda kutoka chini asione kivuli chake, adhani ni mwanga uleule unaochuja kutoka juu. Tulimfungia kabatini tukachungulia. Giza tupu.

"Taa yake ilizimika alipokufa," alisema mwalimu.

Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuifunika chupa kwa kanga kila mchana, kabla akina mama hawajaingia darasani humo kwa kisomo cha watu wazima. Bibi yangu na wazee wenzake waliamini kwamba mjamzito akitazama kiumbe cha ajabu, mtoto atafanana nacho, na mwalimu hakutaka ugomvi. Mama yangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Siku moja wingu la mvua lilitanda, nikakimbilia nyumbani kuanua mtama, nikasahau. Mama akaketi mstari wa mbele, akatazamana na yale macho somo zima.

Habari zikamfikia bibi, hata ile ya taa ya tumboni. Alimkataza mama kurudi kwenye kisomo, naye ndiyo kwanza alikuwa amejifunza kuandika jina lake. Mwalimu akaja kuomba radhi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyo samaki wako anataga?"

"Hatagi, bibi. Mayai yake huanguliwa humo humo tumboni, akazaa watoto walio hai."

Maskini, alidhani anamtuliza. Bibi akashika kichwa.

"Kumbe anazaa kama sisi! Basi ndiyo hatari zaidi."

Majuto ni mjukuu, na mimi niliyabeba miezi miwili. Chakula nilikiacha nusu. Kanisani nilimwomba Mungu ampe mtoto macho madogo. Hata makengeza ningeyapokea kwa shukrani.

Mtoto alizaliwa asubuhi moja ya jua kali, mikononi mwa bibi mwenyewe. Nikaitwa ndani. Msichana, vidole kumi, macho ya kawaida kabisa. Nikaanza kulia.

"Ngoja kwanza," alisema bibi. "Funga mlango. Na dirisha."

Nyumba ikawa giza. Nikasikia akimfunua mtoto tumbo. Sote tukakodoa macho, hata mama pale kitandani.

"Mnaona kitu?"

"Sioni hata mkono wangu, bibi."

"Hana taa! Ni mtu!"

Bibi alicheka mpaka akakaa chini, mama akacheka huku akiugulia maumivu, na mimi nikahisi kama nimetuliwa mzigo wa kuni kichwani. Siku hiyo nilikula ugali wa watu wawili. Mwezi uliofuata mama alirudi kwenye kisomo, mtoto wetu Ghati mgongoni, na hakuna aliyenituma tena kufunika chupa.

Siku hizi Machochwe kuna umeme, na wajukuu wamenionyesha kwenye simu papa wa aina ile akiwaka baharini, jambo ambalo Mwalimu Zaina mwenyewe hakuwahi kuliona. Ghati naye ni bibi sasa. Umeme ukikatika huwatania wajukuu: "Msinitazame mimi, nilishapimwa." Watu hulalamika na kutafuta kiberiti. Mimi hutazama gizani upande aliokaa Ghati. Simwoni, na moyo wangu hutulia.