Siku Mpira Ulipogeuka Mweusi Mkononi Mwangu

Afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa Mama Neema, maana mke wangu akisimulia huwa anaongeza chumvi na kuigiza hata nilivyotembea. Ni kweli nilisimamishwa mbele ya watu kama mwizi, mimi mwenye saluni tatu hapa mtaani Yeoville (nilianza na kiti kimoja cha plastiki kando ya barabara na darasa la nne la Bukavu, mnajua wenyewe).

Mwaka 2017 nilikuwa na miaka hamsini na moja na bado narusha mpira wa besiboli kuliko vijana. Mchezo huo niliujulia mtaa wa Observatory nikiwa mlinzi wa geti la uwanja wa besiboli. Siku moja mpira ukanifikia, nikaurudisha kwa mkono huu huu wa kulia, wachezaji wakaniita nijiunge na timu yao. Basi mwaka huo wa 2017 kocha wetu Otieno, Mkenya wa benki kule Sandton, akaniambia baada ya mazoezi, "Mzee, mechi ya Jumamosi ndiyo ya mwisho kwako. Mwaka ujao nataka damu changa. Angalia hiyo kichwa, imekuwa pamba tupu."

Nikajiambia, kumbe mkono hauna kosa, kosa ni la mvi.

Jumamosi asubuhi nikaamua kujipaka rangi nyeusi. Sasa, kwenye saluni zangu kuna sheria moja, na nimewahi kumfukuza mtu kwa ajili yake: jaza ndoo kwanza ndipo ufungue chupa ya rangi, kwa sababu maji ya Yeoville hayana adabu. Mimi nikafungua chupa kwanza (bosi asubiri ndoo?), nikajipaka, nikafungua bomba, bomba likakohoa mara mbili, basi. Nje gari la timu linapiga honi. Nikajipangusa kwa taulo, nikavaa kofia, nikaenda.

Nilirusha vizuri ajabu. Tukafika raundi ya mwisho tunaongoza kwa pointi moja, amebaki mpigaji mmoja tu wa kutolewa, jua linawaka, jasho linanitoka, nikijipangusa uso nashika mpira, najipangusa nashika mpira, na sikushtuka mpaka yule mpigaji alipomwambia mwamuzi kwamba mpira umepakwa kitu. Na kwenye besiboli mrushaji akipaka mpira chochote ni udanganyifu, anatolewa nje.

Mwamuzi, baba mmoja wa Soweto, akaugeuza. Ulikuwa mweusi kama kiatu.

"Umeweka nini hapa?"

"Sijaweka kitu."

"Vua kofia."

Nikavua. Rangi ikateremka masikioni, shingoni, mpaka kwenye jezi nyeupe. Ndipo Mama Neema akasimama kule kwenye viti na kupaza sauti kwa Kizulu chake cha sokoni, ili kila mtu aelewe: "Mwamuzi, mwache, si mwizi. Ni mzee tu anaficha mvi."

Jamani, watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwamuzi naye akageuka pembeni, mabega yanatikisika. "Eish, madala," akasema, yaani mzee. "Nenda ukanawe. Nikiona tone jeusi tena, unatoka."

Otieno akaja mbio. "Mzee, keti tu. Naweka mwingine."

"Kocha, amebaki mtu mmoja. Huyo ni wangu."

Nikanawa kwa sabuni ya vyombo ya wachoma soseji wa kando ya uwanja. Kofia ilibaki kwa mwamuzi, nami nikarudi kichwa wazi, mistari mitupu kama punda milia, maana rangi ilishika nusu tu. Mpigaji akikosa mara tatu anatoka. Mpira wa kwanza yule mpigaji alikosa akicheka. Wa pili akakosa akitabasamu. Wa tatu hakuuona.

Wenzangu walinibeba juu juu, jezi zao zote zikapata madoa yangu.

"Mwaka ujao unarudi," Otieno akasema, "lakini uje na kichwa yako."

Nilicheza misimu miwili zaidi, kichwa cheupe, na nilipoacha mwaka 2019 niliacha kwa kupenda mwenyewe. Ule mpira mweusi uko kwenye rafu ya saluni yangu kubwa, na chini yake pana ndoo, imejaa. Rangi nawapaka wateja. Mimi sijipaki tena mpaka nizikwe.