Bashi Niliyompa Mungu

Mi si mutu wa kulia mbele ya watu. Nilikimbia vita, nikavuka ziwa Mweru na mutoto mugongoni, nikapokelewa kwenye kambi ya Kenani, nikaletwa hapa kambi ya Mantapala, na macho yangu yalibaki makavu. Kwa hiyo shemasi wetu aliponiambia nitoke kanisani, alikosea mutu wa kumutisha.

Hilo kanisa limefunikwa na bashi yangu. Ile plastiki nyeupe tuliyopewa ya kufunikia nyumba, niliitoa wakati wa jua, maana nyumba yangu ilikuwa na majani mapya juu. Watu walipiga makofi, wamama wakapiga vigelegele. Basi mvua zikaanza. Kumbe muchwa ulishakula miti, paa likaanguka upande wa kitanda. Binti yangu alikuwa na kikohozi kibaya, kifua kinalia usiku na muchana. Nikabeba matelas ya kulalia, sufuria na mbabula, jiko langu la makaa, nikahamia naye nyuma ya mazabahu.

Shemasi alikuja anapumua kwa hasira. "Mama, kitu ulishatoa kwa Mungu hakirudishwi!"

"Papa, sijairudisha. Nimeifuata."

Akanipa muda paka Jumamosi, niwe nimetoka. Ati ibada haiwezi kufanyika kati ya masufuria. Kumurudisha mutoto kwenye ile nyumba yenye maji ilikuwa kumuua, na nilimuambia hivyo usoni.

Jumamosi muchana akaja na wazee watatu. Mumoja akashika matelas, mutoto akiwa juu yake. Mi nikapiga magoti, nikainua mikono: "Tuombe! Baba yetu wa mbinguni..." Kofia zikatoka vichwani. Nani atamukatiza mutu maombi? Wakasimama, macho wamefunga, na mi nikaomba. Niliombea wagonjwa, wavuvi wa Chisenga, wakubwa wa Nchelenge, mihogo ya kila shamba, hata magoti ya shemasi, maana yanamuuma. Akakohoa kunionya. Nikaanza upya, mara hii kuombea wajane.

Franchement, kusema kweli, mwanzoni ilikuwa ujanja tu. Lakini maneno yakanigeuka mudomoni. "Ulinivusha ziwa," nikamuambia Mungu kwa sauti yote. "Sikuvuka nije kuzika mutoto hapa! Kama hii nyumba ni yako, basi na sisi ni wako. Sitoki!" Na hapo, mbele ya wale wanaume, nikalia. Sikuona haya hata kidogo.

Mvua ikashuka, ya kuziba masikio. Niliendelea kuomba paka uwanja ukawa maji matupu. Kisha nikafungua macho. Wanaume wote wanne walikuwa wamesogea karibu yetu, chini ya bashi yangu, wakavu, mbabula yangu inawapasha miguu.

"Amina," nikasema. "Haya, mututoe."

Shemasi aliangalia nje, akaangalia mutoto, akavua koti yake, akamufunika nayo. Nikamuacha akae. Lakini viatu nilimuambia avue, maana nilikuwa nimeshafagia.